Maji ya Mzazi

Mama yangu hakuwa mkunga. Naanza na hilo kwa sababu hata leo kuna watu wa Kolwezi wanaoniita binti wa mkunga, na nimechoka kuwasahihisha. Wakunga walikuwa kule hospitali, na makoti yao meupe na mshahara wao wa mwisho wa mwezi. Mama alikuwa na ndoo mbili, taulo zito na sufuria kubwa iliyokuwa nyeusi kwa masizi. Kazi yake ilianza pale wakunga walipoishia. Mwanamke akirudi nyumbani na mtoto, Mama alikwenda kumkanda kwa maji ya moto, asubuhi na jioni, wiki nne au tano, mpaka tumbo lirudi mahali pake na damu mbaya itoke yote.

Maji yenyewe si ya mchezo. Huchemshwa na majani ya mkaratusi mpaka mvuke wake unakata pua. Mzazi husimama ndani ya beseni, uchi kama alivyozaliwa, ameshika ukuta, na mkandaji anachovya taulo, analikamua kidogo tu, kisha analibandika tumboni na kukandamiza kwa viganja viwili. Wanawake hupiga kelele. Nimemsikia mke wa katekista akitoa matusi ambayo sijui alijifunzia wapi. Mama alicheka tu na kuchovya tena. Mficha uchi hazai, wanasema watu, na Mama aliongeza kwamba kelele nazo si dhambi.

Harufu ya mkaratusi ilitoka uani na kuzunguka mtaa wetu wa wafanyakazi, nyumba zile za matofali zilizopangwa mstari kwa mstari. Hapakuwa na haja ya kutangaza. Mtu akiisikia, alijua kwamba nyumba ile ina mzazi. Kabla ya saa sita mchana majirani walianza kuingia na unga, karanga za kutwanga kwa ajili ya uji, kipande cha sabuni. Hawakungoja kualikwa. Nyumba yenye harufu ile ilikuwa wazi kwa kila mtu, na mzazi aliyefungiwa mlango alidhaniwa kuwa ana jambo baya anaficha.

Mama hakupokea malipo. Wakimpa, alirudisha, wakimlazimisha, aliwapa wengine waliokuwa na shida kuliko sisi. Nikinung'unika, alinijibu maneno yale yale tangu nikiwa na miaka sita.

"Mutu anakuya mu dunia ju ya kutumikia benzake. Ule hatumikie mutu, anakula bukari ya bure."

Sikuipenda hotuba hiyo ya ugali wa bure. Nilikuwa na hasira za kitinda mimba ambaye mama yake ni wa watu wote. Narudi shuleni nina njaa, Mama yuko kwa mzazi. Nina homa, Mama ananifunika blanketi na kwenda kwa mzazi. Baba alikufa ningali mdogo, kwa hiyo hapakuwa na wa kumshitakia. Na aliyetumwa kuchuma majani, akarudi na utomvu vidoleni, ni mimi. Nilipopata kazi ya ualimu wa shule ya msingi nilijiona nimepona: mikono yangu sasa itanuka chaki. Hata hivyo mtaani nilisifiwa kwa ajili ya Mama, nami sifa hizo sikuzikataa. Sifa za bure nani anazikataa?

Halafu mambo yakaharibika. Kwanza ilikuwa kazi. Mashine moja ya mgodi ilisimama kwa kukosa kipuri, ikafuata nyingine, mishahara ikachelewa mpaka ikaacha kuja, na unga waliokuwa wakigawiwa wafanyakazi ukawa hadithi. Watu wenye njaa hutafuta wa kumlaumu, na wakubwa wa siasa wakawaletea jibu tayari: wenye asili ya mkoa wa Kasai ndio waliokula kazi zetu za Katanga, warudi kwao. Waliitwa bilulu, yaani wadudu, na waliowaita hivyo walikuwa watu niliokaa nao benchi moja kanisani. Kwao kulikuwa wapi? Babu zao waliletwa huku kuchimba shaba kabla baba yangu hajazaliwa. Sisi ni watu wa kaskazini ya Katanga, hivyo hakuna aliyetugusa. Tulifunga madirisha tu, tukasikiliza mawe yakianguka juu ya mabati ya wengine. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Shule yangu ilifungwa, kwa kuwa nusu ya walimu walikuwa Wakasai na nusu nyingine hawakulipwa. Nilikwenda Nzilo kwa dada yangu, ambaye mume wake alifanya kazi kwenye bwawa la umeme, nikakaa miezi minne nikila samaki wake na kumsaidia kulima. Nilirudi Kolwezi nimenenepa. Nalitaja hilo la kunenepa kwa sababu litakuja kuwa na maana.

Wakati huo nilikuwa nimeposwa. Alikuwa karani, mtu mpole mwenye shati safi siku zote, na wazazi wake walikuwa wameshaleta zawadi ya kwanza. Tulingoja hali itulie ili walete zilizobaki. Walikuwa watu wa sala nyingi na macho makali. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, na mtaani kwetu huo si umri wa kuchezea.

Nyumba iliyopakana na yetu ilikuwa ya Wakasai. Binti yao alikuwa rafiki yangu tangu enzi za kuruka kamba. Tulisoma pamoja, tukafundisha shule moja, yeye darasa la kwanza, mimi la tatu. Aliolewa na fundi aliyepata kazi Kisenge, kwenye machimbo ya manganizi, lakini yeye alibaki kwa wazazi wake ili ajifungulie karibu na hospitali. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Wiki niliyorudi kutoka Nzilo, vijana wenye orodha ya Wakasai walifagia nyumba za upande wetu. Wazazi wake walipelekwa stesheni na vyombo walivyoweza kubeba, na siku ya tatu wakapakiwa kwenye treni. Yeye hawakumkuta. Alikuwa hospitali, amezaa mtoto wa kiume, amepoteza damu nyingi hata hawezi kusimama.

Mama alimleta kwetu. Alimleta kwa mkokoteni, amelazwa chini ya mikeka na matawi ya mkaratusi, na yeye Mama akitembea pembeni na mtoto amefungwa kifuani ndani ya kitenge, kama mwanamke anayerudi na majani yake ya kila siku. Hakuna aliyemsimamisha. Akamlaza kwenye kile kijumba cha uani ambacho sisi hukiita annexe, akafunga mlango.

Mpango ulikuwa mmoja: akae pale mpaka aweze kutembea, na mume wake apate njia ya kumfikia. Treni zile zilikuwa za mizigo. Watu walipakiwa juu ya watu, bila maji, na safari ya siku chache iligeuka wiki kwa wiki, treni imesimama porini ikingoja kichwa cha kuivuta. Watoto wachanga wengi hawakufika. Kila mtu Kolwezi alijua hilo, hata wale waliowapakia.

Jioni ile Mama aliniita jikoni.

"Mutoto atalia," alisema. "Batu batasikia. Tutasema ni wako."

"Wangu namna gani?"

"Ulikuwa Nzilo miezi ine. Nani alikuona kule? Umerudia na mwili. Batasema ulienda kuficha mimba, baseme. Muzazi ni weye, maji ni yako. Hakuna mutu atauliza tena."

Nilielewa pale pale jinsi mpango ule ulivyokuwa mzuri, na hilo ndilo lililonikasirisha.

"Na kwa bwana wangu batasikia nini?"

"Kama anakupenda, utamuelezea kisha. Kama anakatala, bwana si ule mumoja tu."

"Hapana, Mama. Weye unatumikiaka batu na mikono yako. Usibatumikie na jina yangu."

Mama alichukua sufuria akaanza kuisugua, ingawa ilikuwa safi kwa kadiri sufuria ile ilivyoweza kuwa safi. Hakulirudia neno lile tena. Ukuta wa annexe ulikuwa wa tofali moja tu, umeegemea jikoni. Asubuhi yake rafiki yangu alinisalimia kama kawaida, akaniomba nimshike mtoto wakati anakunywa uji. Nilimshika. Hakusema kitu juu ya jambo lile, nami ningependa angesema.

Siku nane tuliishi hivyo. Mama alichemsha maji ndani, kwenye jiko la umeme, madirisha yamezibwa kwa matambara. Alikubali kupunguza majani. Kuyaacha kabisa alikataa. Mtoto akilia, aliwasha redio, na redio ikikosa cha kusema aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti yake mbaya, mpaka majirani lazima walishangaa jinsi dini ilivyotuzidia. Rafiki yangu alikandwa akiwa ameuma kanga ili asipige kelele. Mimi nilipika, nilifua nguo za mtoto na kuzianika ndani, nilijihesabu kuwa natimiza wajibu wangu. Kuna siku tulicheka. Alikuwa na kipaji cha kuiga mwendo wa mkuu wetu wa shule, naye aliuiga akiwa amelala, kwa vidole viwili juu ya shuka.

Siku ya tisa umeme ulikatika. Sisi tuliozoea umeme wa Nzilo kama watu wanavyozoea hewa tulingoja urudi, haukurudi. Ilibaki mbabula, lile jiko la bati la makaa, na mbabula haiwashwi ndani ya chumba chenye mtoto mchanga na madirisha yaliyozibwa. Nikamwambia Mama maji ya leo ayaache.

"Eko na homa tangu jana," alisema. "Damu imebakia mu tumbo. Nikiacha leo, kesho tunamuzika."

"Basi weka maji matupu, bila majani."

"Maji matupu ni ya kufulia."

Sijui kama alisema kweli kuhusu ile damu. Nimewauliza wauguzi baadaye, kila mmoja ana jibu lake. Ninachojua ni kwamba alikuwa amekanda wanawake kwa miaka thelathini, na hakuwahi hata mara moja kumpunguzia mzazi mwenye homa. Aliweka mbabula uani, akaweka sufuria, akajaza majani kuliko siku zote. Hewa ilikuwa imetulia. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, nimekunja mikono, nikiisikia harufu ikipanda na kutoka nje ya ua.

Jirani wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyekuja wa kwanza. Mama alikuwa amemkanda katika uzazi wake wote saba. Alikuja na bakuli la unga, karanga zimewekwa juu, anatabasamu kama watu walivyokuwa wakitabasamu zamani, kabla ya mawe. Nyuma yake wanawake wengine wawili walisimama kwenye lango. Upande wa pili wa barabara alikuwepo mwana mkubwa wa jirani huyo, kijana aliyekuwa na wale vijana wa orodha, ameegemea baiskeli. Yule mama alimtazama Mama na sufuria, akanitazama mimi, kiuno changu na mashavu yangu ya Nzilo, na uso wake ukafunguka.

"Kumbe, mwanangu! Njo ulikuwa unatuficha!" Alinijia amenyoosha mikono. "Usisikie haya. Mutoto ni mutoto, hata kama baba yake haonekane. Mi nilisema, leo harufu ya nini hii? Muzazi eko kwetu na sisi hatuyue!"

Akaniwekea bakuli mapajani.

Nilichotakiwa kufanya ni kulipokea. Ningeinamisha macho, nikasema aksanti, na yote yangeishia pale; wangenicheka wiki mbili, karani angekuja kuuliza, na mimi ningemweleza au nisingemweleza. Mama alikuwa amesimama na mwiko mkononi, ananitazama. Hakunikonyeza wala kunipa ishara yoyote. Alingoja tu.

Nilisimama ghafla na bakuli likaanguka.

"Si mimi! Mi siyazala! Mi si malaya! Niko na bwana yangu eko ananingojea! Muulize kila mutu, mi sina mutoto, siyabeba mimba hata siku moja!"

Sikusema, nilipiga kelele. Nilitaka wale wa langoni wasikie, na kijana wa baiskeli asikie, na maneno yaende barabara kwa barabara mpaka kwa kina karani. Nilipomaliza palikuwa kimya, na katika kimya kile mtoto akalia.

Yule jirani hakuwa mtu mbaya. Alitazama mlango wa annexe, akatazama sufuria, na niliona usoni mwake kwamba angependa sana asielewe. Akapiga magoti, akaanza kuokota karanga moja moja. Unga ulikuwa umeingia mchangani, haukuokoteka. Alipoinuka alimwambia Mama "Nisamehe," na Mama akamjibu kwamba hajakosa kitu. Alichota maji, akaingia annexe, akamkanda mgonjwa wake.

Walikuja kabla ya saa kumi. Yule kijana alikuwa mbele na karatasi zake. Nani aliyewaita sijui na sikumuuliza mtu. Mtaa mzima ulikuwa umenisikia. Hawakupiga mtu. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani na hakuthubutu kuniangalia. Walimruhusu Mama amfunge rafiki yangu tumbo kwa kitenge, wakangoja uani kama watu wanaongoja zamu kwa kinyozi. Halafu wakamtoa, anatembea kwa kujishika ukutani, na Mama amembeba mtoto.

Stesheni sitaieleza sana. Aliyeiona anajua. Watu walikuwa wanaishi pale kati ya makabati yao na milango yao, maana wengine walibeba hata milango, wamefunika vichwa kwa nailoni, na kila asubuhi palikuwa na wa kuzika. Kamba ilifungwa mlangoni, na kuingia hapakuwa na tabu. Waliochunguzwa ni wale waliotoka.

Kesho yake asubuhi Mama aliamka, akachemsha maji, akaifunga sufuria kwa mablanketi mawili na maboksi ili yasipoe, akaitwika kichwani. Ni mwendo wa zaidi ya nusu saa. Nilichukua ndoo ya pili nikamfuata bila kutumwa. Tulipofika, wanawake wa Kikasai walisimama duara wameshika vitenge, na ndani ya duara ile Mama akamkanda, pale kwenye changarawe ya reli. Harufu ya mkaratusi ikaenea stesheni nzima. Wazazi wengine wakaanza kuja, wameshika matumbo yao, wakauliza kama maji yamebaki. Siku ya pili walikuwa watatu, siku ya tatu nimesahau. Mama mikono haikumtosha, na mimi nikachukua taulo. Niliungua viganja vyote viwili. Rafiki yangu alikuwa wa kwanza kukandwa na mimi. Alisema nakandamiza kama mtu anayefuta ubao.

Siku ya tano habari ikapita kwamba treni itakuja kesho. Homa ilikuwa imempungua rafiki yangu, lakini maziwa yalikuwa yamekaribia kukauka. Aliniita karibu.

"Mutoto hatafika," alisema. "Weye unayua. Umubebe. Pa mulango useme ni wako. Mi nitasema alikufa."

"Ndiyo," nilimwambia. Wala sikufikiri. Nilijiona nimerudishiwa siku ile nyingine, unga na karanga na yote. Karani hakunijia hata akilini. Mama alimfunga mtoto mgongoni kwangu, akanifunika kanga kwa juu, akachukua sufuria tupu, tukaenda mlangoni kama tulivyokwenda kila siku.

Aliyekuwa kwenye kamba alikuwa yule kijana wa jirani.

"Yaya, huyu mutoto ni wa nani?" aliniuliza, akiniita dada mkubwa kama zamani.

"Ni wangu."

Hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mkubwa wake akidanganya vibaya.

"Yaya, mi nilikuwa pale. Ulilia mupaka batu ba mutaa ya Kasulo basikia: huna mutoto, huyabeba mimba hata siku moja. Balikusikia na benzangu bote hawa." Akanyoosha kidole kwa wenzake. "Ungesema siku ile ni wako, nani angebisha? Leo nikikuachia, batasema nimekula feza yako. Murudishe kwa mama yake."

Mama alimsihi. Alimtajia mama yake, alimtajia tumbo lililomzaa na mikono iliyolikanda. Kijana alikuwa anatokwa na jasho, akarudia tu kwamba ana orodha, na kwenye orodha imeandikwa mama mmoja na mtoto mmoja. Nikarudi. Rafiki yangu alituona kwa mbali tukija, akaanza kufungua kifua kabla hatujamfikia, kwa sababu mtoto alikuwa analia njaa.

"Aksanti ya kujaribu," aliniambia.

Treni ilikuja kesho yake mchana. Walimpa nafasi pembeni ya behewa, na Mama akampa lile taulo. Hilo tu.

Niliolewa miezi sita baadaye. Siku ya arusi mama mkwe wangu alisimama mbele ya wageni akaeleza walivyosikia, kutoka kwa watu wasiopungua wanne, jinsi nilivyolitetea jina langu hadharani, na kwamba katika siku zile mbaya walijua wamepata binti anayejua kujitunza. Watu walipiga vigelegele. Mama alikuwa amekaa karibu yangu, ananifuta jasho kwa leso, akaendelea kunifuta.

Baada ya hapo yule fundi wa Kisenge alipita Kolwezi kutafuta vyeti vyake, akaja kumsalimia Mama. Alisema mke wake yuko hai, anafundisha tena. Mtoto hakupita stesheni ya Kamina. Walimzika kando ya reli, treni imesimama inangoja kichwa, na alipozikwa wakamfunika kwa taulo. Akanishukuru mimi kwa kubeba maji stesheni. Mke wake alimsimulia habari ya maji. Ile nyingine hakuwa ameambiwa. Nilimkaribisha chai, nikakaa mbele yake nikimwona anavyokunywa, na sikumwambia.

Sasa Mama hayupo, na watu husema nimerithi moyo wake. Nimerithi sufuria. Naibeba hata Kasulo, kwenye zile nyua zilizochimbwa mashimo ya kobalti mpaka huna pa kuweka beseni, na wazazi wa siku hizi wananiambia nina roho ya kutumikia watu. Huwaambia wasimame sawasawa. Mikono kutumikia ni kitu chepesi, inaungua na inapona. Mama aliniomba kitu kingine mara moja tu, jikoni, na nilimjibu kwa ufasaha ambao mpaka leo nauchukia.

Mama aliponikanda mimi ilikuwa kwa mtoto wangu wa kwanza, huyo ambaye hakuna aliyeuliza ni wa nani. Nilishika ukuta. Alipobandika taulo nikalia, na hilo lilitarajiwa, kila mzazi hulia. Lakini kesho yake nililia vile vile, na keshokutwa, na asubuhi ya nne alikuwa ameshamaliza, ananisuuza tu kwa yale ya mwisho, na mimi bado nimeweka paji la uso ukutani sijanyamaza. Jirani wa ng'ambo alikuwa ameingia na bakuli lake la unga na karanga. Alisimama mlangoni, hajui aliweke wapi.

"Maji ni ya moto sana?" aliuliza.

"Ni ya moto," Mama alimjibu kwa niaba yangu. "Umuache alie."

Nikageuka, nikanyoosha mikono, nikalipokea bakuli. Maji yalikuwa yamepoa zamani.